Kikombe cha Upande wa Kulia

Lubega alikuwa ameshawasha grenda Abul alipofika karakanani, pale soko la Jebel mjini Juba, na kama angechelewa dakika mbili zaidi ushahidi wote ungekuwa unga wa chuma. Hakusalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja ukutani akachomoa waya, mashine ikavuma ikafifia, na fundi akabaki amechuchumaa kando ya pikipiki, miwani imejaa vumbi.

"Madam, hii kazi iko ya mwenyewe," akamwambia Abul. "Yeye nasema kata, mimi nakata."

Mwenyewe alikuwa pale pale, amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani. Nyawech alikuwa mkuu wa utawala katika shirika moja la misaada mtaani Thongpiny, mwanamke wa miaka arobaini na moja aliyezoea mambo kwenda kwa ratiba. Wiki tatu zilizopita alikuwa ameona picha ya pikipiki hiyo kwenye kundi la wauzaji la WhatsApp: Yamaha ya mwaka sabini na tisa, inauzwa Jebel, haijafunguliwa injini. Akaja na barua ya zamani ya kanisa, akalinganisha namba ya fremu na namba iliyoandikwa kwenye barua, tarakimu kwa tarakimu. Zilikuwa zile zile. Aliinunua siku hiyo hiyo bila kuomba apunguziwe hata senti, jambo ambalo Lubega bado alikuwa akilisimulia sokoni.

Ilikuwa pikipiki ya baba yake. Jonah alikuwa mchanja ng'ombe wa kanisa, akitembea kambi hadi kambi na sanduku la dawa nyuma ya kiti. Mwaka tisini na moja, vita vilipofika kwao, alitoka nayo asubuhi moja asirudi tena. Nyawech alikuwa na miaka minane. Waliokimbia naye walisema walimwona akianguka kwa risasi, na familia ikatembea kwa miguu hadi Ethiopia, kisha Kakuma, kisha Eldoret, bila kaburi la kulilia. Sasa alikuwa amemkodi Abul amtafutie jibu la swali moja tu: pikipiki ilitoka mkononi mwa nani?

Abul hakuwa polisi na wala hakujifanya polisi. Alikuwa ameishi Nakuru miaka kumi na minne akikagua magari yaliyopata ajali kwa ajili ya kampuni ya bima, na kazi hiyo ilimfundisha kwamba mwenye gari atakuambia anachotaka, lakini gari lenyewe litakuambia lilichogonga. Alirudi Juba na tochi, kisu kidogo na futi ya kupimia, na mpaka leo hajaona sababu ya kuongeza chombo cha nne.

"Nilikuomba usiguse kitu mpaka nimalize," alimwambia Nyawech.

"Lam anafika leo jioni. Sitaki aikute hivi."

Lam alikuwa mdogo wake, anakuja kutoka Eldoret kuiona pikipiki ya baba ambaye hakumjua. Nyawech alitaka aikute kama ilivyo kwenye picha pekee ya Jonah iliyobaki, tangi jeupe lenye mstari mwekundu, kila kitu cha kiwandani. Alishatafuta hadi mpira wa kukanyagia na pedali ya breki kutoka Kampala. Kilichomkera ni vitu vilivyoongezwa. Tangi lilikuwa limepakwa rangi ya kijani kibichi. Pedali ya breki ya nyuma, ambayo hukaa mguu wa kulia, ilikuwa imekatwa, na badala yake wenzo wa breki ya baiskeli ulikuwa umefungwa kwenye usukani wa kushoto, waya wake umevutwa hadi gurudumu la nyuma. Na pale mguu wa kulia unapokanyaga hapakuwa na pa kukanyaga. Palikuwa na kipande cha bomba, kirefu kama kidole cha kati, kimeungwa wima kama kikombe.

Lubega ndiye aliyekuwa ameeleza siku ya mauzo. Kikombe hicho, alisema, ni cha wanajeshi, cha kusimamishia kitako cha bunduki wakiwa njiani. Na rangi ya kijani ni yao pia. Nyawech hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Wamemuua, wakapanda pikipiki yake, wakaweka bunduki zao hapo," alisema kwa hasira ya miaka thelathini. "Kila walichoongeza kitoke. Leo."

Abul akapiga magoti kwenye oili. Alianza na rangi, kwa sababu rangi haina haraka. Akakwangua kidogo chini ya tangi. Ilikuwa rangi ya lango la nyumba, imepakwa kwa brashi, na nywele mbili za brashi zilikuwa bado zimekwama humo. Jeshi hupuliza rangi, na likipaka hupaka na fremu pia. Huyu alipaka tangi tu, na polepole, hakuacha tone hata moja kwenye injini.

Kisha akapima mdomo wa kikombe. Inchi mbili na nusu, duara. Kitako cha bunduki ni bapa na kirefu. Hakiingii humo hata ukikilazimisha kwa nyundo. Akaingiza kidole. Ndani kulikuwa na mpira wa tairi umekatwa na kuviringishwa kwa uangalifu, umelika zaidi upande wa nje. Akakwangua kwa ncha ya kisu, akamwaga alichopata kwenye karatasi nyeupe: nyuzi fupi za mti, zimelainika, nyeusi kwa jasho na vumbi.

Akakaa chini kabisa, akaegemea gurudumu. Mtu mwenye miguu miwili hana haja ya kuhamisha breki ya mguu kuipeleka mkononi. Na mtu aliyeihamisha kutoka kulia, kisha akatengeneza tundu la kusimamisha mti upande huo huo wa kulia, hakuwa akibeba bunduki.

"Aliyekuwa akiendesha hii pikipiki hakuwa na mguu wa kulia," Abul akasema. "Alikuwa na mguu wa mti. Hapa ndipo alipouweka usiteleze."

Nyawech alikunja uso. Baba yake alikuwa na miguu yote miwili, alisema. Alikuwa akiwakimbiza zizini wakicheka hadi waanguke. Kisha akasimama na kuweka mkoba begani. "Basi kazi imekuwa rahisi. Si unitafutie huyo kilema. Watu wa mguu wa mti wenye pikipiki si wengi." Akaenda zake ofisini, akiwa ameahidi kungoja mpaka saa kumi, na Abul akabaki na Lubega.

Lubega aliwahi kusema, tena mara mbili, kwamba aliinunua pikipiki mwezi uliopita kwa mtu wa Koboko, Uganda, asiyemjua jina. Abul hakumuuliza habari za Koboko. Alivuta kigoda cha chuma, akakigeuza miguu juu, akakitazama.

"Hiki umekiunga wewe?"

"Ndiyo, mimi."

"Na lile lango?"

"Mimi."

"Na hizo keria za boda?"

"Zote mimi, madam. Hapa Jebel mutu gani mwingine najua kuunga?"

Kila fundi ana mkono wake. Lubega alikuwa na tabia ya kumaliza mstari wa kuunga kwa kurudi nyuma kidogo na kudondosha matone mawili, moja juu ya jingine, kana kwamba hakuamini kwamba limeshika. Matone hayo yalikuwa kwenye kigoda, kwenye lango, kwenye kila keria. Abul akawasha tochi, akamwonyesha chini ya kikombe. Kulikuwa na kuunga kwa aina mbili. Kwa zamani kulikuwa kwa fundi mwingine, kumevimba na kutu. Kwa pili kulikuwa juu yake, kwa kuimarisha, nako kulikuwa na matone mawili. Hata hayo yalikuwa na kutu ya miaka.

"Na hii?"

Lubega alivua miwani akaifuta kwa shati, na shati lilikuwa chafu kuliko miwani. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika ukutani.

"Mzee nakatazaga mimi," akasema taratibu. "Mzee nasema, Lubega, usimwambie mutu. Mpaka yeye nakufa nasema hivyo."

Yalitoka yote. Kwa miaka tisa aliitengeneza pikipiki hiyo, ya mzee mmoja wa Gumbo, ng'ambo ya daraja, ambaye watu walimwita Dakitari kwa sababu alitibu mbuzi. Alikufa mwaka jana. Kabla ya kufa alimwachia Lubega maagizo: pikipiki ivunjwe iuzwe vipuri, na kikombe kikatwe kwanza, kitupwe. Lubega hakuweza. Injini ilikuwa nzima, na chombo kizima cha mwaka sabini na tisa fundi hawezi kukichinja kama kuku. Akakaa nacho miezi, kisha akakipiga picha. Habari za bunduki na za mtu wa Koboko alizitunga yeye mwenyewe mnunuzi alipoanza kulia mbele yake akiwa na barua mkononi.

"Jina lake la kweli?"

"Mama Namutebi iko najua. Kwa barabara ya Nimule, pale malori nasimama."

Abul alipanda boda akavuka daraja. Hakuwa na furaha ya mtu anayekaribia ukweli. Alikuwa ameshaanza kuuona ulivyo, na akaomba kimoyomoyo awe amekosea.

Namutebi alikuwa Mganda wa miaka sitini hivi, mwenye banda la matoke na maharage kwa madereva wa malori. Alisema hamjui mzee yeyote wa mguu wa mti. Akasema tena, akiwa anafuta meza iliyokwisha kufutwa. Abul hakubishana. Aliomba chai, akatoa mkobani nakala ya picha ya Jonah kijana, amesimama kando ya pikipiki nyeupe, akaiweka juu ya meza.

Mama yule aliitazama muda mrefu. Halafu akaigeuza ikalala kifudifudi, akaketi.

"Nyabo, dada, wewe hapana mtoto wake," alisema. "Mtoto wake iko ile ya gauni ya kijani."

Alisimulia polepole, na mara mbili alinyanyuka kumpa dereva chakula na kurudi pale pale alipoishia. Risasi ilimpata Jonah mguuni. Watu wa dini walimwokota akiwa hajitambui, akapelekwa hospitali ya vita mpakani mwa Kenya, mguu ukakatwa. Alikaa huko zaidi ya miaka mitatu, jeraha likifunga na kufumuka. Siku aliyokuwa akijifunza kutembea na mguu wa mti, alikutana na mtu wa kwao, naye akampa habari. Matanga yake yalishafanywa. Ng'ombe alishachinjwa, nywele zilishanyolewa, na mdogo wake alimchukua mkewe kama desturi inavyotaka, azae naye kwa jina la marehemu. Mtoto wa kiume alishazaliwa. Anaitwa Lam, mwana wa Jonah. Na mwingine yuko njiani.

Kwao, Namutebi alisema kama alivyoelezwa, mtu aliyeliliwa na ukoo mzima hawezi kurudi. Atapewa chakula, atapewa pa kulala, lakini yeye ni mzimu unaotembea. Hana zizi, hana mke, hana neno barazani. Hilo Jonah angelivumilia. Lililomshinda lilikuwa lingine.

"Yeye nasema mimi hivi: Mimi niliyekufa nimezaa watoto wawili. Nikirudi nikiwa hai, hao watoto watakuwa wa nani?"

Abul hakuandika kitu. Watoto waliozaliwa kwa jina la marehemu ni halali, wana ukoo na ng'ombe wa mahari. Watoto wa mke wa mtu aliye hai, aliowazaa na shemeji, wana jina jingine kabisa, na si jina la kumwambia mtoto.

Kwa hiyo Jonah alibaki maiti. Alirudi mara moja tu, kwa siri, kuitoa pikipiki kwenye ghala la kanisa alikoificha asubuhi ile kabla ya risasi. Alipaka tangi rangi ya lango asitambulike, akaishi Koboko, akakutana na Namutebi, na baada ya amani wakahamia Gumbo. Kisha akasikia kwamba binti yake yuko Juba, Thongpiny, ana ofisi.

"Kila mwezi, Jumatatu ya kwanza, yeye nakwenda. Nasimama kwa geti, najifanya cheni naharibika. Jioni narudi hapa, naniambia: leo amevaa gauni ya kijani. Leo amekonda. Leo ana simu mpya." Namutebi alifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Miaka nane, nyabo. Halafu askari nafukuza yeye, nasema iko amri mpya. Hakwenda tena. Hakuishi sana baada ya pale."

Saa kumi kasoro robo Abul alikuwa amerudi Jebel, akamkuta Nyawech ameshatoka ofisini anamngoja. Angeweza kulainisha habari, na wako wapelelezi wanaojua kulainisha. Yeye hakujua. Alimwambia Nyawech yote kwa mpangilio aliouzoea, alichokiona, alichoambiwa na nani, alichokihakiki. Simulizi ilipofika kwenye geti, Nyawech aliinua mkono amnyamazishe.

Alikuwa anamkumbuka, alisema. Mzee mmoja mrefu, anachechemea, na pikipiki ya kijani isiyokwisha kuharibika. Mwaka ule kulikuwa na vitisho mjini, na ofisi zote zilitakiwa kuzuia vyombo kusimama getini.

"Ilani ile niliisaini mimi," akasema.

Kisha akalia. Hakulia kwa utaratibu. Alilia kama mtu aliyepata msiba asubuhi ile, ameinama, kitambaa cha kichwa kikamwanguka miguuni, na Lubega akatoka nje akasimama barabarani. Abul alimshika bega.

Alipotulia, Nyawech alikwenda kupiga magoti upande wa kulia wa pikipiki. Akaingiza vidole viwili kwenye kikombe, akavizungusha juu ya mpira uliolika. Alikaa hivyo mpaka mwadhini wa msikiti wa sokoni akamaliza kuadhini.

"Kaburi liko wapi?"

"Gumbo, nyuma ya banda. Mama Namutebi anakungoja."

"Nitakwenda peke yangu." Akajifuta uso. Halafu akamwita fundi, akamwambia achomeke waya.

Abul alidhani hakusikia vizuri. "Nyawech, hiki ndicho alichokiweka kwa ajili ya mguu wake. Rangi na breki vingeweza kuwa vya mtu yeyote. Hiki ndicho chake mwenyewe."

"Najua."

"Ni ushahidi. Hakuna mwingine."

"Ushahidi wa kumshtaki nani?" Nyawech hakupandisha sauti. "Lam akiona kikombe atauliza kama mimi nilivyouliza, na atamtafuta mtu kama wewe. Nilimlipia shule yule kijana tangu kidato cha kwanza. Cheti chake kimeandikwa Lam Jonah. Mzee alikaa mbali nasi miaka thelathini ili cheti kile kiwe kweli. Asubuhi nilitaka kukikata kwa kuwachukia watu. Sasa nakikata kwa sababu ndivyo alivyosema."

Lubega alikuwa amesimama mlangoni, mashine mkononi, macho mekundu. Alikuwa amekataa agizo hilo mara moja, kwa mzee mwenyewe, na ilionekana wazi kwamba angependa kulikataa tena. Akachomeka waya.

Abul aliishi miaka kumi na minne kwa kuwakamata watu wanaofuta alama kwenye vyuma. Aliwapeleka mahakamani, na baadhi yao jela. Alipiga magoti kwenye oili, akashika fremu kwa mikono miwili isitikisike, akageuza uso cheche zilipoanza. Haikuchukua hata dakika tatu. Kikombe kilianguka, Nyawech akakiokota kingali cha moto, akakifunga kwenye kitambaa chake cha kichwa akakitia mkobani. Lubega alisugua mahali pale kwa msasa, akafunga mpira wa Kampala, akafunga pedali, akaondoa wenzo wa baiskeli na waya wake. Rangi ya kijani ilitoka kwa kemikali vipande vipande, na chini yake tangi jeupe lilikuwa limengoja salama, na mstari mwekundu.

Lam aliingia saa kumi na mbili kasorobo, kijana mrefu wa miaka thelathini, begi mgongoni, akisalimia kila mtu kwa Kiswahili cha Eldoret. Alipoiona pikipiki alitua begi chini. Aliizunguka mara mbili bila kuigusa. Akatoa simu, akailinganisha na picha ya Jonah aliyokuwa nayo humo, sehemu kwa sehemu, kama dada yake alivyolinganisha namba.

"Kumbe hawakuiharibu," alisema. "Iko tu vile aliiacha."

"Hawakuigusa," Nyawech akajibu.

Lam akauliza kama anaweza kuikalia. Akapanda, akashika usukani, akaweka mguu wa kushoto mahali pake, na mguu wa kulia juu ya mpira mpya.

"Dadangu, wewe ulimwona. Alikuwa anakaa hivi?"

Nyawech alimtazama miguu yote miwili.

"Hivyo hivyo," akasema, akamsogelea akamnyoosha kola ya shati.